Sukari ya Mwalimu Owor

Mwanangu Hadija,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Mimi hali yako naiona kwa macho, maana mlango uko wazi na wewe umekaa chini, kichwa kati ya magoti ya mama yako, unasukwa nywele za safari. Kila akivuta unakunja uso lakini husemi kitu. Sasa ni alasiri. Kesho asubuhi shangazi yako Mariamu atakuja kukuchukua mvuke mpaka. Kwenye kizuizi atasema anakupeleka harusini, na wewe utakaa naye huko upande wa Kenya, usome huko, wala hutarudi hata likizo mpaka nikuite.

Mambo ya sabuni, ya kufua soksi na ya kutomwachia shangazi vyombo vichafu, mama yako amekwisha kukuambia mara tano tangu asubuhi, na mara ya sita naisikia inaanza. Hayo namwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu, na nimelificha muhula mzima. Ni la ile siku ya wazazi, nilipokwenda shuleni kuonana na Mwalimu Owor. Tulipokuwa tunarudi nyumbani uliniuliza, "Baba, mwalimu alisema nini juu yangu?" Nikakujibu, "Amesema wewe ni mtoto mzuri." Ule ulikuwa uongo, Hadija. Na ulikuwa uongo wangu wa tatu siku ile, na wa pili ulikuwa mbaya zaidi.

Barua hii nitaichomeka chini ya jalada la daftari lako la hesabu, lile nililolifunika kwa gazeti jana. Ulishangaa baba amepata wapi bidii ya kufunika madaftari. Sasa umejua. Kesho nitakunong'oneza usilibandue jalada hilo mpaka uwe umeketi kwa shangazi.

Ilianza na kikaratasi ulichokileta kutoka shule. Mwalimu aliandika kwamba siku ya wazazi angependa mzazi wa Hadija afike mapema kabla ya wengine, waongee kidogo. Maneno yenyewe yalikuwa ya upole, lakini mimi niliyasoma mara nne nikatoka jasho. Unajua mimi niliishia darasa la tatu. Hadi leo, na ndevu hizi, nikimwona mtu ameshika chaki naangalia kwanza kama kucha zangu ni safi. Watu kwenye njia za panya wananijua kwa ujasiri, nimepita na baiskeli yangu mahali ambapo wenzangu walitupa mizigo wakakimbia. Lakini kuitwa na mwalimu kulinikosesha chakula.

Basi nikajitayarisha. Sijawahi kujitayarisha hivyo, hata siku ya kwenda kumposa mama yako. Koti niliazima kwa Mzee Ramadhani fundi cherehani, na wewe ulicheka ulipoona mikono ya koti imenifika kwenye vidole. Mama yako nilimkalisha juu ya debe la maji awe mwalimu, mimi nikabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Akaniambia, "Mzazi wa Hadija, ingia, keti. Mbona umechelewa?" Nikamwambia mwalimu hawezi kuanza na ugomvi. Akasema yeye ndiye mwalimu, ataanza anavyotaka. Tulicheka sana. Nilikariri maswali yangu: mtoto anafanya vizuri katika somo gani, anakosea wapi, sisi wazazi tusaidie nini. Nilijiona niko tayari kabisa.

Likabaki jambo la zawadi. Huwezi kwenda kwa mtu anayemfundisha mwanao ukiwa mikono mitupu, na siku hizi zawadi gani inashinda sukari? Watu wanaipata kwa barua ya chifu, tena kijiko kwa kijiko, na mwalimu hana wa kumwandikia barua. Mimi nilikuwa na pakiti moja, nimeivusha ndani ya shati, nzima, karatasi yake haijakunjwa hata pembe moja.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu limekaa hapa. Kazi yetu ina desturi yake, nawe umeiona tangu unatambaa. Sukari inabaki, karatasi yake haibaki. Ukifika salama unamimina kwenye kopo au kwenye mfuko wa kitambaa, na karatasi unaichoma hapo hapo, kwa sababu ina maandishi ya kiwanda cha ng'ambo na hayo yanatosha kumpoteza mtu. Mama yako aliniona naifuta vumbi ile pakiti akasema, "Baba Hadija, hiyo inasema yenyewe inatoka wapi. Tia kwa kopo ya maziwa kama siku zote."

Nilikasirika. Nilimwambia, "Mimi nipelekee mwalimu wa mwanangu sukari ndani ya kopo kuukuu, kama napeleka chambo cha samaki? Atatuona watu wa namna gani?" Mama yako akarudi kwenye sufuria yake. Ile hasira haikuwa yake. Ilikuwa hasira ya mtu wa darasa la tatu anayetaka kuonekana msafi mbele ya mwalimu. Nilitaka aone pakiti nzima, ajue baba Hadija ni mtu mwenye heshima. Nikaifunga kwenye kitambaa cheupe nikaenda nayo.

Tulikwenda pamoja, unakumbuka. Wewe na watoto wengine mlikaa nje kwenye majani. Unakumbuka pia wale wanajeshi wawili, maana mikutano ya watu sasa inaombewa ruhusa, na ruhusa ikija huja na wao. Mmoja alikaa chini ya bendera, mwingine alikuwa anatembea darasa hadi darasa. Niliwaona. Nilijiambia, hii ni shule, hapa hawana kazi.

Mwalimu Owor alinipokea kwa mikono miwili. Alinikalisha kwenye dawati lako, lile la pili kutoka dirishani, mbele ya meza yake, na magoti yangu yakagonga mbao. Wazazi wengine walikuwa wameanza kuingia, wamekaa nyuma wanasubiri zamu. Yeye akaanza kabla sijatoa swali langu hata moja.

"Baba Hadija, huyu mtoto anajua. Kwa karatasi anapata zote. Lakini nikimuuliza kwa mdomo, anasema sijui. Mto gani huu? Sijui. Saba mara nane? Sijui. Siku moja mgeni alimuuliza jina, akasema sijui. Halafu anaandika jibu kwa daftari, herufi ndogo sana, mimi nasoma na shida. Nyumbani kuna nini? Huyu mtoto anaogopa nini?"

Hadija, mimi nilijua papo hapo. Nilijua kabla hajamaliza. Ni nani aliyewapanga wewe na wadogo zako ukutani kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, akajifanya askari? "Baba yenu nakwenda wapi?" "Sijui." "Chini ya kitanda iko nini?" "Sijui." "Ile baiskeli ilibeba nini jana?" "Sijui." Na aliyejibu upesi bila kupepesa macho nilimwekea sukari kiganjani alambe. Wadogo zako walikuwa wanacheka, wanakosea. Wewe hukukosea hata siku moja. Nilikusifu mbele ya mama yako, nikasema huyu ndiye wa kwangu. Nilidhani nakufundisha kuishi. Sikujua kwamba neno lile halitabaki nyumbani, kwamba utalibeba hadi darasani pamoja na madaftari.

Ningemwambia nini mwalimu? Kumwambia ukweli ni kumwambia kazi yangu, na nyuma yangu kuna wazazi wanasikiliza, na nje kuna bunduki. Nikamjibu, "Sijui, mwalimu."

Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka. "Basi sasa nimejua ametoa wapi," akasema. Wala hakusema kwa ubaya.

Halafu akaongea juu yako. Akaongea kirefu, akiwa ameinama, sauti ya chini, na daftari lako limefunguliwa mbele yake, kidole kikipita kwenye mistari. Na mimi, mwanangu, sikusikia. Hili ndilo linaloniuma nikila na nikilala. Nilikuwa natafuta nafasi ya kutoa zawadi. Nilikuwa nawaza niitoe sasa au akimaliza, niseme neno gani, nikifungue kitambaa au niache. Nilikuwa naitikia "ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu" kama mtu anayepiga misumari. Nilichoshika ni maneno ya mwisho tu: "...kama utamruhusu." Nikuruhusu nini? Alikuwa amekutafutia njia fulani, amekutengenezea mpango fulani, na akaniomba ruhusa yangu, na mimi nikasema "ndiyo mwalimu" bila kujua nimekubali nini. Ndiyo maana ulipouliza nilikudanganya. Ningekuambia nini?

Nikaiweka pakiti mezani, nikafungua kitambaa. Uso wake ulibadilika. Akaisukuma kwangu kwa vidole viwili. "Ondoa, baba Hadija. Ondoa hii."

Sasa wewe unajua tulivyo. Mgeni akikupa kitu, unakataa kwanza kwa adabu. Anakusukumia, unakataa tena, ndipo unapokea. Mimi nikamwona mwalimu ana malezi mazuri. Nikaisukuma kwake nikicheka, nikasema, "Ni kitu kidogo tu, mwalimu, usinivunje moyo." Akairudisha. Nikaisukuma tena. Mtu mzima mwenye akili zake, anasukumana na mwenzake kifo chenye maandishi, anafikiri ni heshima.

Kivuli kikaingia mlangoni. Yule mwanajeshi wa kutembea.

"Hii sukari ya nani?"

Nilisikia watoto nje wanacheza. Mwalimu hakuniangalia, Hadija. Nimeikumbuka dakika ile mara nyingi, na kila mara yeye anaangalia meza. Angeniangalia, pengine ningepata nguvu. Au ningemchukia, ingekuwa rahisi kwangu leo. Hakuniangalia kwa sababu alijua kwamba akiniangalia atakuwa amenitaja.

"Wewe, mzee wa koti. Mimi nauliza mara moja tu. Wewe najua hii sukari ya nani?"

"Sijui, afande."

Nilijibu upesi, bila kupepesa macho. Ningekuwa ukutani kwetu siku ya Jumapili, ningepewa sukari.

Akamgeukia mwalimu. Mwalimu Owor akasema tu, "Iko kwa meza yangu." Hakusema ni yake, wala hakusema si yake. Akatoa kalamu mfukoni, akaiweka juu ya daftari lako kama mtu anayekwenda nje mara moja na kurudi. Yule wa chini ya bendera akaja, wakambebesha ile pakiti, wakaondoka naye. Sisi tuliobaki tuliandikwa majina, na ndiyo maana kila Jumatatu naenda kwa chifu kuonekana, nimekatazwa kukanyaga ng'ambo, na ndiyo maana siwezi kuvuka mpaka na wewe kesho. Nikionekana ng'ambo, au nikikosekana Jumatatu moja, watakuja kumuuliza mama yako.

Nilipotoka, ulikuwa umesimama karibu na dirisha, mkono ukutani. Sijakuuliza ulisikia au hukusikia. Nimekuwa naogopa. Lakini tangu siku ile hata "sijui" huisemi tena, unatikisa kichwa tu, na mimi si mjinga.

Utaniuliza, kwa nini sikwenda kusema baadaye? Nilikwenda. Mara mbili niliondoka hapa asubuhi nikiwa nimeoga, nimemuaga mama yako bila kumwambia naenda wapi, nikielekea kambini kwa wanajeshi. Mara zote mbili nilifika mahali barabara inapokata, nikasimama na baiskeli, nikarudi. Nilijiambia nikisema watanichukua mimi, na yeye hawatamwachia, watakuwa wametupata wawili. Pengine ni kweli. Walio na akili wananiambia ingekuwa hivyo. Lakini mtu akijiambia jambo moja kila siku, asubuhi na jioni, hujui tena kama ni akili au ni woga. Mimi siwezi kutofautisha.

Nikaenda Mwello, nyumbani kwa mwalimu. Nilitafuta kisingizio, nikasema napeleka abiria. Mkewe alikuwa shambani, akaacha jembe akaja kunipokea. Nilimwambia mimi ni mzazi tu, nimekuja kuwajulia hali. Akanikalisha, akaniletea uji wa ulezi, akaniomba radhi: "Sukari hakuna, baba. Samahani." Nikashika kibuyu kwa mikono yote miwili. Akaendelea, "Wanasema walimkuta na sukari. Mwalimu hata sukari hatumii. Tangu tunaoana, meno yake inamsumbua. Sukari atafanya nayo nini?"

Nilikunywa uji wote, nikamshukuru, nikapanda baiskeli. Ningeweza kumwambia. Hapakuwa na askari pale, palikuwa na kuku na mwanamke mmoja. Sikumwambia.

Sasa mwalimu wako hayupo, na darasa lenu mpaka leo halina mwalimu, mnakaa mnachora. Hakuna anayejua yuko wapi. Ukiuliza, watu wanaanza kuongea habari za mvua. Hii ndiyo sababu ya kukutoa hapa. Nimewaambia majirani ni kwa ajili ya masomo, na ni kweli, lakini kweli yenyewe zaidi ni kwamba siwezi kukuona ukitikisa kichwa. Nimejaribu kukufundisha upya. Juzi nilikuuliza kwa mzaha, "Hadija, jina la baba yako nani?" Ukanitazama, ukatafuta kwanza nilitaka jibu gani. Niliingia ndani nikalia, na ulifikiri nimekwenda kutafuta pampu.

Kuna mambo mawili matatu nimejifunza, na hayana faida kwangu tena, kwa hiyo chukua wewe. Mtu akikuambia "ondoa", usifikiri ana adabu, tazama uso wake. Mtu akiongea juu ya mwanao, acha zawadi, acha koti, sikiliza. Na unyamavu niliokufundisha ulikuwa wa kuficha mizigo yangu. Haukuwa wako. Nakuomba unirudishie.

Shangazi ameniambia kwamba shule yako mpya nayo ina siku ya wazazi, katikati ya muhula. Wanataka mzazi. Shule yenyewe iko karibu mno, ndilo linalonichekesha na kuniudhi. Nikisimama nyuma ya choo chetu wakati jua limepiga, naona mabati yake yanang'aa. Kwa baiskeli ni mwendo wa kuchemsha chai. Na mimi sitafika. Siku hiyo nitasimama pale nyuma ya choo, bila koti la Mzee Ramadhani, nikiangalia mabati, na mama yako ataniuliza natafuta nini huko.

Ataenda shangazi. Aliniuliza aulize nini, apeleke nini. Nikamwambia asipeleke kitu. Nikamwambia akae, asikilize mpaka mwisho, hasa mwisho, na kila neno aniletee. Nikaanza kumpa maswali yangu yale ya zamani, kisha nikaona ninajitayarisha tena kwa njia ile ile, nikayaacha. Mwalimu huyo naye atauliza, "Huyu mtoto anaogopa nini?" Shangazi hatajua. Mjibu wewe mwenyewe. Mwambie kwa sauti, hata ikitetemeka: niliogopa kwa sababu baba yangu aliogopa. Usinifiche. Ninakuruhusu. Sijui Mwalimu Owor aliniomba ruhusa ya nini, lakini chochote kilichokuwa, nakupa sasa.

Na ukiwa darasani, ukiulizwa kitu ambacho hukijui, sema hujui, si aibu. Lakini ukiulizwa unachokijua, usiangalie mlango, usiangalie dirisha, jibu.

Mama yako amemaliza kukusuka. Umesimama, unajigusa kichwa, umependeza. Unanitazama ninavyoandika na huniulizi ninaandika nini, maana nimekufunza kutouliza. Najisikia sina mikono ya kukushika. Lakini kabla sijaikunja karatasi hii, kuna swali nililoulizwa nikiwa kwenye dawati lako, na jibu lake nalijua. Aliyetaka jibu hayuko hapa, na aliyelipia kimya changu hayuko pia. Umebaki wewe, basi nakujibu wewe.

Sukari ni yangu. Mimi, baba Hadija, ndiye niliyeileta.